Kati ya Kidoko na Kidoko

Jambo ambalo Dk. Mwamvua Ngwale hakulitambua halikuwa limefichwa. Lilipita masikioni mwake kila siku ya kazi, tangu pomboo wa kwanza walipoteremshwa katika mto Rufiji wakiwa wamelazwa kwenye machela za turubai iliyoloweshwa, hadi alasiri ile ya masika alipokaa peke yake katika boti ndogo, nyuma ya kisiwa cha matete, akamwona mtoto wa pomboo akilala.

Hakwenda pale kutafuta usingizi. Alikwenda kuthibitisha uzazi. Wakulima wa bonde la Namakono walikuwa wamepiga simu kituoni kusema kwamba Bi Ubavu amejifungua. Jina hilo ni wao waliompa, kwa sababu jike yule, kama wenzake wote wa jamii yake, hakuogelea kifudifudi. Alikwenda kwa ubavu, pezi moja likipapasa tope la chini kama mkono wa mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka uvunguni. Macho yake yalikuwa na ukubwa wa tundu la sindano na hayakuwa na lenzi. Huko walikotoka wazee wake, katika mito mikubwa ya Asia ambayo maji yake yaligawanywa mifereji hadi yakaisha, tope lilikuwa zito kiasi kwamba macho yalikosa kazi. Alichokijua juu ya ulimwengu alikijua kwa vidoko: milio mikavu, mifupi, iliyotoka kichwani mwake mchana na usiku, ikagonga vitu, ikamrudia ikiwa imebeba maumbo ya vitu hivyo. Fungu la mchanga. Gogo. Kambale. Mguu wa mtu.

Mwamvua aliteremsha kinasa sauti majini, akavaa spika za masikioni, akaweka kishikwambi mapajani. Vidoko vya mama vilikuwa vilevile alivyovizoea. Vya mtoto vilikuwa vyembamba na vya papara, kama makofi ya mtoto mchanga asiyejua bado mikono yake inakutania wapi. Kisha vya mtoto vikakatika.

Aliinua macho. Mtoto alikuwa karibu na uso wa maji, rangi yake kama jivu lililolowa. Mkia ulikuwa umesimama. Pezi lililegea, mwili ukaanza kuchukuliwa na maji, na mama yake akajisogeza chini yake akamkinga kwa mgongo. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kama mtu anavyovuta pumzi ndefu na kuishusha. Kidoko kimoja kikasikika, kikafuata kingine, mkia ukaamka, mtoto akaendelea na safari yake. Punde ikatokea tena. Kisha tena.

"Analala," Mwamvua alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Pomboo wa mtoni hana nafasi ya usingizi wa moja kwa moja. Mto humsukuma, hubeba miti mizima, huhamisha mchanga; atakayezima akili yake kwa muda mrefu ataamkia kwenye kikwazo, au hataamka. Kwa hiyo hulala kwa mafunda, kama mtu anavyokunywa uji wa moto: funda hapa, funda pale, mamia kwa siku, na katika kila funda vidoko hunyamaza. Hayo Mwamvua aliyaelewa palepale botini. Kilichomfanya asiweze kuinuka ni jambo la pili.

Vipindi vile vya kimya alivifahamu. Alivipima mwenyewe kwa pomboo wazima, akaviandika katika sura ya nne ya tasnifu yake, akaviita nafasi tupu. Na Mhandisi Maganga, aliyekuwa akitafuta njia ya kusema na pomboo bila kuingiliana na vidoko vyao, aliisoma sura hiyo akapiga meza kwa furaha. Fundi wa mawasiliano akiona nafasi tupu huona barabara isiyo na magari. Ndivyo ulivyozaliwa Mnong'ono: kidude kidogo kuliko punje ya kunde, kilichopandikizwa nyuma ya fuvu la kila pomboo mzima, ambacho husubiri mnyama anyamaze, kisha humtekenya upande mmoja wa kichwa au mwingine. Kushoto. Kulia. Mbele. Pomboo alikwenda alikotekenywa, na mwangwi wa vidoko vyake ukarushwa kituoni ukawa ramani ya sakafu ya mto, ramani iliyobadilika kadiri mchanga ulivyohama. Tangu hapo pantoni iliyovusha watu wa bonde haikukwama mchangani hata mara moja.

Mtoto hakuwa na Mnong'ono. Ndiyo maana aliweza kulala.

Mwamvua alimrudia mama, akausogeza mstari wake kwenye skrini, akausoma upya kama mtu anayesoma barua kwa mara ya kwanza baada ya kuambiwa nani aliyeiandika. Palipopaswa kuwa na mafunda palikuwa na mapengo membamba kama kucha. Kila mara Bi Ubavu aliponyamaza, kulikuwa na mtu aliyemwita.

*

Alipofika kituoni Nyandunda, kwenye ukingo wa juu, mto ulikuwa umegeuka kutoka rangi ya chai ya maziwa kuwa rangi ya matofali. Mhandisi Maganga alisimama mbele ya skrini kubwa, shati limemganda mgongoni. Alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mwepesi wa utani. Siku hiyo utani ulikuwa umemkauka.

"Dokta, karibu, kaa. La, usikae. Mvua ya nyanda za juu imeshuka yote kwa pamoja. Maji makubwa yatakuwa Namakono kabla jua halijatua."

"Maganga, nimeona jambo kwa Bi Ubavu."

"Amezaa, nimesikia, mpe hongera zangu. Mimi nina watu juu ya madungu."

Madungu ya Namakono, nyumba za miguu mirefu ambamo wakulima hukaa msimu wa mpunga ili maji yapite chini yao, yalijengwa kwa kipimo cha mafuriko ya zamani. Mafuriko ya siku hizi hayakujali msimu wala kipimo. Kilichowapa watu ujasiri wa kubaki bondeni hadi dakika ya mwisho ni kujua kwamba pantoni itawafikia, na pantoni iliwafikia kwa sababu ya Mnong'ono.

Mwamvua alimweleza alichokiona. Alieleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza darasani, kwa kuwa hakujiamini kueleza kwa namna nyingine. Maganga alisikiliza akiwa amempa mgongo. Kisha akageuka.

"Unaniambia tunawaamsha."

"Kila tunaposema nao. Kwa miaka yote sita."

"Yule dume wa mwaka jana, aliyekufa baada ya safari za mafuriko."

"Tuliandika uzee."

"Hakuwa mzee," Maganga alisema polepole. Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ramani ilianza kuyumba siku ile, nikaomba nguvu zaidi, ukanipa, nikaongeza, ikanyooka. Nikawaambia vijana, mnaona, dawa ndiyo hiyo."

Mwamvua alikumbuka. Kulikuwa na kanuni moja aliyoipigania wakati mradi unaanzishwa: Mnong'ono uwe na kikomo cha nguvu, na kikomo hicho kifunguliwe kwa kidole gumba cha mtafiti peke yake, si cha mhandisi. Mwaka jana aliombwa idhini akiwa kwenye mkutano, mbali, kikombe cha kahawa mkononi. Alikibonyeza kishikwambi bila kuuliza hata swali moja, akaendelea kunywa.

"Usimtumie leo," alisema. "Tumia mwingine."

"Hakuna mwingine. Wote wamekimbilia vijito vya juu, nje ya upeo wa mtambo. Amebaki yeye kwa sababu ya huyo mtoto." Maganga alishusha sauti. "Dokta, nitawahurumia kesho. Naapa nitawahurumia. Leo siwezi."

Nje, maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya pili ya gati.

"Basi nitapanda pantoni," Mwamvua alisema. "Ikibidi aamshwe, nitamwamsha nikiwa namsikia."

*

Nahodha wa pantoni, Shamte, alikuwa mjomba wa Mwamvua, ndugu wa mama yake tumbo moja. Alimsogezea kibao akae karibu na usukani, akamtazama usoni mara moja. Redio ya upepo ikakoroma, ikaja sauti ya Maganga, kavu.

"Mndengereko, umekwenda kuchukua watu au mpunga?"

"Watu, Mnyamwezi," Shamte akajibu. "Mpunga nitauacha hukohuko, nisije nikakukosesha usingizi kwa tamaa."

Maganga hakucheka. Shamte aliitazama redio kana kwamba imeharibika.

Walipofika Namakono maji yalikuwa yamebakiza mkono mmoja kufikia sakafu ya dungu kubwa. Wanawake walipitisha watoto kwanza, kisha mbuzi, kisha magodoro ambayo Shamte aliyarudisha. Pantoni ilijaa kabla watu hawajaisha. Mke wa Shamte, Bi Chausiku, alikuwa amesimama kwenye ngazi na kuku wawili kwapani.

"Pelekeni wenye watoto," alisema. "Mimi na Mzee Ngaunje na hawa wengine tutakuja safari ya pili. Na wewe Shamte, usije ukasema umenisahau. Najua siku nyingi unatafuta kisingizio."

"Kisingizio ninacho tangu ulipoanza kukoroma. Nilikuwa nakosa mafuriko tu."

Watu walicheka kwa kelele kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Mzee Ngaunje, mwembamba, mwenye kikohozi kilichojulikana bonde zima, alimshika mkono mkewe Bi Mwanahija akamvusha hadi kwenye sitaha pamoja na mjukuu aliyefungwa mgongoni. Kisha akarudi nyuma kwenye ngazi.

"Ukifika bandika chai," alimwambia.

"Sukari umeimaliza wewe," Bi Mwanahija akamjibu, na pantoni ikang'oka.

Mwanzo wa safari ulikuwa mwema. Kwenye skrini iliyokuwa mbele ya usukani njia ya maji ya kina ilionekana kama utepe mweusi uliopinda kati ya mafungu ya mchanga, na Bi Ubavu alikuwa mbele yao, chini ya maji mekundu yasiyoonyesha kitu. Mwamvua alimsikia. Alimsikia akijaribu kunyamaza, na Mnong'ono ukamtekenya kulia. Akajaribu tena, ukamtekenya mbele. Nyuma yao, upande wa kisiwa, vidoko vya mtoto vilikuwa vikiita, na kila mara vilikuwa mbali zaidi.

Katikati ya mto vidoko vya mama vilianza kupoteza mpangilio. Vilijirudia kama maneno ya mgonjwa wa homa. Kwenye skrini utepe mweusi ulinyooka, ukawa mpana, mzuri, bila kizuizi hadi ng'ambo.

"Mjomba, ramani inasemaje?"

"Kina. Njia pana kama uwanja wa mpira."

"Yatazame maji yenyewe."

Mbele ya pantoni uso wa mto ulikuwa umekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Shamte alivuta injini nyuma kwa nguvu. Bati la chini likakwaruza mchanga kwa sauti iliyowapanda watu hadi kwenye meno. Mbuzi wakaanguka, mtoto mmoja akateleza hadi kwenye reli akadakwa kwa nguo. Pantoni ilitetemeka, ikainama, kisha ikajinasua na kurudi kwenye maji.

"Tumeingiliwa na nini?" Shamte alifoka. "Skrini hii haijawahi kunidanganya."

"Hiyo si sakafu ya mto," Mwamvua alisema. "Huo ni usingizi wake."

Redio ikakoroma. Sauti ya Maganga ilikuwa karibu sana, kana kwamba yuko begani mwao. "Nimeona. Dokta, fungua kikomo. Nguvu mara mbili, ramani itanyooka kama mwaka jana. Mtavuka, na pengine mtawahi safari ya pili."

"Na yeye?"

"Unajua yatakayompata," Maganga akasema. "Na huyo mtoto hatamfikia."

Kishikwambi kilikuwa mapajani, na juu ya skrini kulikuwa na duara mbili. Moja ya kufungua kikomo. Nyingine ya kuzima Mnong'ono kabisa. Mwamvua alivua spika ya sikio moja ili amsikie mjomba wake vizuri.

"Mjomba, sikiliza. Nikimwamsha kwa nguvu, utavuka, na huenda ukarudi kumchukua Bi Chausiku. Pomboo atakufa, kama si leo, wiki hii. Nikiuzima Mnong'ono, atakwenda anakolala. Ni nyuma ya kisiwa cha matete. Hawa hawapumziki penye mkondo. Hutafuta mahali maji yanapogonga kisiwa na kurudi nyuma, pana kina na hapana nguvu. Tukimfuata kwa macho tunaweza kutia nanga pale, na watu hawa watakuwa salama. Lakini hutarudi Namakono leo."

Shamte hakuutoa mkono kwenye usukani. Pantoni ilikuwa ikisukumwa ubavu, naye akiirudisha, ikisukumwa tena.

"Unataka mimi niamue?"

"Hapana. Nakuambia ili usije ukaambiwa na mwingine."

"Basi amua, mpwa wangu. Lakini uamue ukiwa unanitazama."

Alimtazama. Baadaye aliulizwa mara nyingi kwa nini, na mara zote alitoa sababu nzuri: kwamba ramani iliyonyooshwa kwa nguvu ingeweza kuvunjika tena wakati wa kurudi, kwamba watu walioko mkononi hutangulia walioko mbali, kwamba huwezi kudai kwa kiumbe kitu asichoweza kukukatalia. Zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa akilini mwake saa ile. Alichokuwa nacho ni vidoko vya mtoto, vyembamba, vikiishia nyuma yao, na mama aliyenyamaza kwa mara nyingine akijaribu kulala.

Alibonyeza duara ya pili.

Utepe mweusi ukafutika kwenye skrini. Na masikioni mwake ukaingia ukimya ambao hajapata kuupima kwa pomboo yeyote mzima. Ulidumu. Shamte alikuwa akihesabu kitu kwa midomo bila sauti, au alikuwa akisoma dua. Ukadumu tena, hata Mwamvua akahofia kwamba amechelewa, kwamba yule mnyama anachukuliwa na mto akiwa tayari amekufa.

Kidoko kimoja. Kikavu, safi.

Vikafuata vingi, kwa mpangilio, na kutoka nyuma vile vyembamba vikajibu. Bi Ubavu aligeuka.

"Sasa nimfuateje mtu nisiyemwona?" Shamte aliuliza.

"Lazima atoke kupumua. Ana mdomo mrefu kama mwiko. Waambie watu waangalie."

Shamte alipaza sauti, na sitaha nzima ikawa macho. Aliyemwona kwanza alikuwa Bi Mwanahija. "Yule! Upande wa gogo lile! Amepiga chafya!"

"Wapi, mama?"

"Kushoto! Shoto lako, nahodha, si langu! Anakwenda upande upande kama mlevi anayesaka mlango wa nyumba yake!"

Wakamfuata hivyo, kwa kelele. Alipotoweka walinyamaza wote, na alipotoka Bi Mwanahija alikuwa wa kwanza kila mara, mkono umenyooka, mjukuu mgongoni akiruka kwa furaha asiyoielewa. Mwanamume mmoja aliyekuwa mbele na upondo aliuzamisha, akaugusa mchanga. Akauzamisha tena, akaugusa. Mara ya tatu nusura amfuate upondo majini.

"Haufiki chini!"

Mkondo uliwaachia kama mkono uliochoka kushika. Nyuma ya matete maji yalikuwa yakirudi nyuma polepole, yamebeba povu na majani, na Shamte akatia nanga. Watu walianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Hatua chache kutoka ubavuni mwa pantoni pomboo wawili walitoka pamoja, mkubwa na mdogo, wakapumua, wakazama.

"Ramani imekufa," ilisema redio. "Mko wapi?"

"Nimeuzima," Mwamvua alijibu. "Tuko nyuma ya kisiwa. Wote."

"Na Namakono?"

Shamte aliichukua redio kutoka mkononi mwake. "Namakono watangoja," alisema, akaizima, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha udongo.

*

Maji yalipungua kesho yake adhuhuri. Bi Chausiku walimkuta amekaa juu ya paa la dungu kubwa na kuku wake wawili, pamoja na wale wengine, wamelowa, wana njaa, wazima. Mzee Ngaunje hakuwepo. Alikuwa amerudi kwenye dungu lake dogo kuchukua dawa ya kikohozi, Bi Chausiku alieleza, na dungu dogo likang'oka na miguu yake yote.

"Usinitazame hivyo," Bi Chausiku alimwambia Mwamvua akiteremka. "Mimi nilikosa usingizi tu. Huruma yako ipeleke kwa Mwanahija."

Aliipeleka. Siku ya tatu ya msiba, mwili ulipokwisha kupatikana na kuzikwa, alikaa kwenye mkeka na wanawake, akasubiri wapungue, kisha akamsogelea mjane na kumweleza yote: zile duara mbili, safari ya pili ambayo huenda ingewezekana, na jinsi alivyochagua. Hakujitetea. Aliziacha zile sababu nzuri nyumbani.

Bi Mwanahija alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa ndani ya kaniki yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele yule pale, yule pale."

"Ndiyo, mama."

"Nikifurahi."

"Wewe uliwaokoa watu wote waliokuwa kwenye pantoni."

"Sikukuuliza hilo." Akainua kichwa. "Yule mtoto yuko hai?"

"Yuko hai."

"Nikitoka eda utanipeleka nikamwone. Nataka nimjue aliyebadilishwa na mume wangu."

Alipotoka eda, Mwamvua alimpeleka. Mto ulikuwa mdogo na wa rangi ya chai. Walikaa botini nyuma ya kisiwa cha matete, Mwamvua akiwa hakuchukua kishikwambi wala kinasa sauti. Mtoto alikuwa amekua. Alitoka, akapumua, akapita chini ya boti kwa ubavu kama mama yake. Kisha karibu na uso wa maji alisimamisha mkia, akalegea, akaanza kuchukuliwa.

"Anakufa?" Bi Mwanahija alishtuka.

"Analala."

Mtoto aliamka, akaendelea.

"Kidogo hivyo tu?"

"Kidogo hivyo, mara nyingi."

Bi Mwanahija aliweka mkono juu ya macho kujikinga na jua, akangoja hadi mtoto alipolala tena, na tena. "Ngaunje naye alikuwa hivyo," alisema. "Kikohozi kilimwamsha. Analala kidogo, anaamka, ananiuliza kama nimelala." Akaushusha mkono. "Turudi."

Mnong'ono haukuwashwa tena. Maganga mwenyewe aliuvunja mtambo, kipande kwa kipande, na pomboo wanaozaliwa hawapandikizwi kitu. Ramani ya sakafu ya mto hakuna. Wakulima wa Namakono huondoka madunguni maji yanapoanza kubadilika rangi, na kila mwaka huacha mpunga ambao zamani wangeuvuna. Pantoni huvuka mchana, polepole, mtu akiwa mbele na upondo. Shamte angali nahodha wake, na mpwa wake akipanda humsogezea kibao kilekile karibu na usukani. Ila siku hizi humwita Dokta.